Wakulima wa Mizabibu na Wageni Wao: Habari za Tangu 1784

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wengine wamepewa kazi ya kueleza hesabu, mizani, mikopo na pembejeo. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kazi nyingine, nayo imetokana na ubishi. Katika mikutano ya Vyama vya Msingi mwaka huu ililetwa hoja kwamba Chama Kikuu kijenge, kando ya ghala letu la mchuzi wa zabibu, nyumba ndogo ambamo mgeni ataweza kuonja mvinyo wa wanachama, kula chakula cha hapa petu Dodoma, na kulala. Wako walioipokea hoja hiyo kwa makofi. Wako pia, nao si wachache wala si watu wa kupuuzwa, waliosema kwamba sisi ni wakulima, hatukuandikishwa kuwa wenye hoteli. Kwamba jembe na mkasi wa kupogolea vyatutosha. Na kwamba mambo ya kuonja na kulala ni anasa ya watu wenye fedha za kuchezea. Halmashauri ikaona vema tueleze katika kurasa hizi jinsi wakulima wa mizabibu wa nchi nyingine walivyoingia katika kazi ya kupokea wageni, ili wanachama wapime wenyewe.

Tumesoma kadiri tulivyoweza, na jambo moja limetudhihirikia kuliko mengine yote. Nyumba hizo za kuonjea, ambazo leo watu husafiri mwendo wa siku nzima kuziendea, kwa sehemu kubwa hazikuanzishwa na matajiri waliotafuta starehe. Zilianzishwa na wakulima waliokwama. Mwaka fulani mnunuzi hakuja. Au alikuja akataja bei ya kuwadhihaki. Au vita viliteketeza kijiji. Au sheria ilimpa mtu mwingine haki ya kuuza. Na kwa kuwa ndugu zetu wengi hupenda kuuliza kwanza, "Sheria yasemaje?", twaanza na sheria.

Tarehe 17 Agosti 1784, Kaisari Joseph wa Pili, aliyetawala kutoka Vienna katika nchi ya Austria, alitoa amri ya kumruhusu kila mtu kuuza vyakula, mvinyo na maji ya matunda aliyoyapata katika shamba lake mwenyewe, wakati wowote wa mwaka, na kwa bei aipendayo. Maneno hayo ni machache, walakini yalibadili maisha ya vijiji vilivyouzunguka mji ule. Mkulima akapata haki ya kuweka meza na mabao katika ua wake, chini ya miti, na kummiminia mpita njia mvinyo wa mwaka ule ule. Sharti lilikuwa moja: kiwe kitu cha shamba lake. Hakuruhusiwa kununua mvinyo wa jirani na kuuuza kama wake.

Ili watu wajue kwamba nyumba fulani ina mvinyo, mwenyewe alitundika tawi bichi la msonobari juu ya mlango. Tawi likiwapo, karibu. Tawi likiondolewa, mvinyo umekwisha, nenda kwa jirani. Hapakuwa na haja ya bango wala tangazo la gazetini. Desturi hiyo ingaliko hata leo katika vitongoji vya Vienna kama Grinzing, Nussdorf na Stammersdorf, na mji ule una mashamba ya mizabibu ndani ya mipaka yake yenyewe. Nyumba hizo huitwa Heuriger, yaani "ya mwaka huu", na mvinyo wenyewe huitwa kwa jina hilo hilo. Mgeni huketi juu ya bao refu pamoja na watu asiowajua. Zamani wageni walikuja na chakula chao kikapuni, mwenye nyumba akauza kinywaji tu. Baadaye mama wa nyumba akaanza kuweka mezani mkate, nyama baridi, mayai, jibini laini iliyokorogwa na viungo. Hakuna mapishi makubwa. Mtu akitaka karamu aende kwingine.

Wajerumani nao wana desturi ya namna hiyo, na sheria yao yastahili kutazamwa na maofisa wetu. Mkulima wa mizabibu huruhusiwa kufungua nyumba ya kuuzia mvinyo wake bila leseni ya hoteli, maadamu hazidishi miezi minne katika mwaka, hazidishi viti arobaini, na hauzi ila mvinyo wa shamba lake pamoja na vyakula vyepesi. Katika sehemu nyingine za nchi ile alama si tawi bali ni ufagio uliotundikwa mlangoni. Twapenda sana sheria ya viti arobaini. Yampa mkulima nafasi ya kufanya biashara bila kuacha kuwa mkulima, na yamzuia tajiri wa mjini kujificha nyuma ya jina la mkulima ili afungue baa.

Sasa tuingie katika bonde ambalo kila mwanaushirika mwenye mizabibu apaswa kulijua kwa jina, kama tunavyoijua Rochdale. Ni bonde la mto Ahr, mto mdogo uingiao katika mto Rhine, kusini mwa mji wa Bonn. Bonde hilo ni jembamba, na kuta zake ni za mawe meusi. Mizabibu imepandwa katika matuta yaliyozuiliwa kwa kuta za mawe, mengine yakiwa na mteremko mkali hata mvunaji huhitaji kujishikilia. Mawe hayo hunywa joto la jua mchana na kulirudisha usiku, na kwa sababu hiyo zabibu nyekundu huiva mahali ambapo, kwa ubaridi wa nchi ile, zisingetarajiwa kuiva. Bonde zima halina hekta 600 za mizabibu.

Katikati ya karne ya 19 watu wa huko walikuwa maskini. Mavuno yaliharibika miaka mingi, na mwaka mavuno yalipokuwa mema wafanyabiashara waliijua shida ya mkulima: hana mapipa ya kutosha, hana ghala, ana deni, na zabibu haziwezi kungoja. Basi bei ikawa ni ile aitakayo mnunuzi. Jamaa wengi waliuacha mteremko na kupanda meli kwenda Marekani. Ndugu zetu wanaokumbuka msimu ule ambapo magari ya mnunuzi mmoja, ambaye hatutamtaja, yalikawia mpaka zabibu zikaanza kuchacha katika makreti, hawahitaji kufasiriwa hali hiyo.

Mwaka 1868, katika kijiji cha Mayschoss, wakulima 18 walijiunga wakaandika chama chao. Walikubaliana kukusanya zabibu pamoja, kuzikamua pamoja, kuuhifadhi mvinyo katika ghala moja, na kuuza kwa jina moja. Hawakuwa mbali na mahali alipofanya kazi Friedrich Wilhelm Raiffeisen, ambaye mwaka 1864 alikwisha kuanzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf, ng'ambo ya mto Rhine. Fikira ya ushirika ilikuwa hewani. Lakini chama cha mikopo humpa mtu fedha, na fedha huliwa. Wale 18 walitaka kitu cha kukaa nyuma ya mgongo wao mnunuzi anapokuja, nacho ni ghala. Mwenye ghala aweza kusema, "Bei hiyo hatuitaki, rudi mwezi ujao." Chama cha Mayschoss husemwa kuwa ndicho chama cha ushirika cha wakulima wa mvinyo kilicho kikongwe kuliko vyote duniani ambavyo vingali hai. Mwaka 1982 kiliungana na cha kijiji jirani cha Altenahr, na wanachama wake leo wahesabiwa kwa mamia.

Ghala peke yake halikumaliza matatizo. Mvinyo uliohifadhiwa ni mali iliyolala. Yafaa tuseme hapa jambo ambalo wanachama wengine wamelisahau katika ubishi wetu: wakulima wa Ahr hawakwenda kuwatafuta wageni, reli ndiyo iliyowaleta. Mwaka 1880 garimoshi lilifika Ahrweiler, na mwaka 1886 likafika Altenahr, likipita chini ya matuta ya Mayschoss. Watu wa Bonn na Cologne, waliokuwa wakifanya kazi katika moshi wa viwanda na karani juu ya meza zake, wakaweza kuja Jumapili, kupanda mlimani, kula, kunywa, na kurudi jioni. Na wengine hawakurudi jioni, kwa sababu garimoshi la mwisho liliwapita wakiwa bado mezani! Hao ndio waliowafundisha watu wa bondeni kwamba chumba cha kijana aliyekwenda Marekani chaweza kulaza mgeni.

Mgeni yule alinunua chupa mbili tatu akaenda nazo. Alilipa bei ya mnywaji, si bei ya dalali, na alilipa papo hapo. Kisha, na hili ndilo kubwa, alilijua jina la kijiji. Mwaka uliofuata alimwuliza mwenye duka wa Cologne, "Una mvinyo wa Mayschoss?" Dalali, aliyekuwa amezoea kuuchanganya mvinyo wa bonde na mwingine katika pipa moja, akajikuta hana jibu. Katika mwaka 1972 ilifunguliwa njia ya miguu ya kilometa 35 inayopita katika mashamba ya mizabibu kutoka Bad Bodendorf mpaka Altenahr. Mtu huweza kuifuata siku mbili au tatu, akishuka kijiji hiki kuonja, akilala kijiji kile, akiamka na kuendelea. Njia hiyo haina lami. Ni vijia vile vile vya wakulima, vimewekewa alama tu.

Si kila njia ya mvinyo ilizaliwa kwa usafi namna hiyo, na hatupendi kuwapamba watu mbele ya wanachama. Kusini zaidi katika Ujerumani, katika nchi ya Pfalz, iko barabara ya mvinyo yenye urefu wa kilometa 85 hivi, kutoka Schweigen mpakani mwa Ufaransa mpaka Bockenheim. Ilifunguliwa tarehe 19 Oktoba 1935. Mavuno ya 1934 na 1935 yalikuwa makubwa mno, na bei ikaanguka. Lakini ilikuwako sababu nyingine. Sehemu kubwa ya biashara ya mvinyo katika Pfalz ilikuwa mikononi mwa Wayahudi, watu waliowajua wanunuzi wa mbali na kuaminiwa nao. Serikali ya Hitler, iliyoshika madaraka mwaka 1933, iliwatesa na kuwafukuza katika biashara hiyo. Mapipa yakabaki kwa mkulima, hana wa kuyachukua. Hapo mkubwa wa chama cha Nazi wa sehemu ile, Josef Bürckel, akatangaza barabara ya mvinyo ili watu wa mijini waje kuyanywa yaliyobaki. Lango la mbao likasimamishwa Schweigen, na mwaka uliofuata likajengwa la mawe, ambalo lingaliko. Kwa hiyo barabara ile, ambayo leo familia huipita kwa baiskeli zikisimama kula soseji na tumbo la nguruwe lililojazwa nyama na viazi, ilifunguliwa kuziba pengo lililochimbwa na chuki ya serikali yenyewe. Soko lisilo na wafanyabiashara waaminifu huanguka hata mavuno yawe mema namna gani, na wala si sahihi kwa mwanaushirika kumwona kila mfanyabiashara kuwa adui.

Ng'ambo ya mpaka huo huo iko Alsace ya Ufaransa. Nchi hii imekwisha kubadilishana bendera mara nyingi kati ya Wafaransa na Wajerumani, na vyama vyake vya ushirika ni vya zamani. Kile cha Ribeauvillé kilianzishwa 1895. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 majeshi yalipigana ndani ya mashamba yake ya mizabibu. Vijiji vya Bennwihr, Sigolsheim, Mittelwihr na Ammerschwihr vilibomolewa. Fikirini hali ya mkulima wa Bennwihr aliyerudi: nyumba hakuna, ghala hakuna, kinu cha kukamulia hakuna, mapipa yameungua, lakini mizabibu ile iliyosalia mlimani itazaa mwaka huu kama kawaida na haitamngoja. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kujijengea ghala. Mwaka 1946 wakaanzisha chama, wakajenga moja la wote.

Na tarehe 30 Mei 1953 Alsace ikafungua njia yake ya mvinyo, kilometa 170 hivi, kutoka Marlenheim kaskazini mpaka Thann kusini. Misafara ya motokaa ilianza safari kutoka kila upande siku moja. Njia yenyewe haikujengwa upya. Barabara za vijiji zilikuwako tangu zamani, zikaunganishwa kwa vibao na kwa ramani moja, ili mgeni asipite Colmar kwa haraka akaenda zake Uswisi.

Alsace yatufaa kwa kueleza mambo matatu ya kichwa cha makala yetu, maana huko yamepangwa vizuri. Kwanza, kuonja. Mgeni hapewi glasi iliyojaa. Humiminiwa kidogo sana, huanza na mvinyo mweupe mkavu, kisha wenye harufu nzito zaidi, na ule mtamu huwa wa mwisho, kwa kuwa ulimi ulioguswa na utamu hauwezi tena kupima ukali. Hutazama rangi, hunusa, huweka kinywani akauzungusha. Kuna chombo cha kutemea, na anayetema hahesabiwi kuwa mtu asiye na adabu. Huhesabiwa kuwa mtu anayetaka kununua akiwa na akili zake. Pembeni kuna maji na mkate. Mwenye kumimina ni mkulima au mtoto wake, naye hujibu maswali: shamba liko upande gani, udongo ni wa namna gani, mwaka ule mvua ilinyesha lini. Twaona hapa ndipo penye kazi kwa vijana wetu waliomaliza shule ambao wazazi wao wasema hawana la kufanya shambani.

Pili, kula. Chakula cha nchi ya mizabibu ni chakula cha wakulima wenyewe, na hiki ndicho kilichotushangaza zaidi. Wageni wa Alsace huagiza kabichi iliyochachushwa pamoja na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, au mkate mwembamba uliopakwa malai, vitunguu na vipande vya nyama. Mkate huo, tumeona, watu wa mashamba waliuoka kupimia joto la tanuri kabla ya kutia mikate mikubwa. Chakula cha kupimia tanuri! Leo watu huvuka bahari kwenda kukila. Basi yule ndugu aliyesimama katika mkutano akauliza kwa dhihaka kama tutawalisha wageni ugali wa uwele na mlenda, jibu letu ni ndiyo, pamoja na kuku wa kienyeji na nyama choma, na hatuoni kwa nini tuone haya.

Tatu, kulala. Ufaransa baada ya vita ilikuwa na nyumba nyingi za mashambani zilizobaki tupu kwa sababu vijana walihamia mijini. Mwaka 1951 nyumba ya kwanza ya kulaza wageni shambani ilifunguliwa katika milima ya kusini kwa juhudi za seneta Émile Aubert, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la nyumba hizo kwa nchi nzima. Mkulima alisaidiwa kutengeneza paa, kutia maji na choo safi, na kwa kubadilishana akakubali kukaguliwa. Godoro likiwa bovu aliambiwa. Kulala kuna maana yake maalumu katika nchi ya mvinyo: aliyeonja hapaswi kuendesha motokaa usiku. Mahali pa kuonjea pasipo na kitanda karibu ni mtego kwa mgeni na kwa mtoto wa jirani avukaye barabara.

Afrika nayo haikukosa. Mwaka 1969 mkulima mmoja wa Stellenbosch, katika Afrika ya Kusini, Frans Malan wa shamba la Simonsig, alizuru Bourgogne huko Ufaransa akaona njia ya mvinyo. Aliporudi alishirikiana na wenzake wawili, Spatz Sperling wa Delheim na Neil Joubert wa Spier, na mwaka 1971 wakafungua njia ya Stellenbosch, ya kwanza katika nchi ile. Biashara ya mvinyo nchini humo ilikuwa imetawaliwa kwa miaka mingi na chama kikubwa cha KWV, kilichoanzishwa 1918, na mkulima aliyetaka kuuza chupa kwa jina lake mlangoni kwake alipambana na sheria nyingi. Leo Stellenbosch ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana sana duniani kwa kuonja, kula na kulala mashambani.

Lakini yatupasa kusema na lile lingine. Wavunaji katika mashamba ya Rasi kwa vizazi vingi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Utaratibu huo uliitwa dop. Ijapokuwa ulipigwa marufuku na sheria, ulichukua muda mrefu kufa, na madhara yake hayajaisha: katika wilaya hizo wamehesabiwa watoto wengi, kuliko karibu mahali pengine popote palipochunguzwa, waliozaliwa na kasoro za mwili na akili kwa sababu ya pombe iliyokunywewa mimba ikiwa tumboni. Meza nzuri ya mgeni chini ya mti wa mwaloni ilikuwa upande mmoja wa shamba. Hayo yalikuwa upande wa pili. Katika Chama chetu mvunaji hulipwa kwa fedha, na kama nyumba hiyo itajengwa, kanuni ya kwanza itakayobandikwa ukutani iwe kwamba hakuna mtu atakayelipwa kwa chupa. Wamo pia miongoni mwetu wanachama ambao dini yao haiwaruhusu kunywa wala kuuza kileo, nao huuza zabibu za kula na zabibu kavu. Fedha za wanachama hao zisiingizwe katika ujenzi bila ridhaa yao, na mezani pawe na zabibu zao na maji ya zabibu yasiyochacha.

Tulikuwa tumeliacha bonde la Ahr katika neema, na si haki kuliacha hapo. Usiku wa tarehe 14 Julai 2021 mto ule mdogo ulifurika kuliko ulivyokumbukwa na mtu yeyote aliye hai. Zaidi ya watu 130 walikufa katika bonde. Madaraja yalikwenda, reli ilikwenda, kijiji cha Mayschoss kilikatika na dunia. Maghala mengi yalijaa matope, mapipa yakaelea, nyumba za wageni zikabaki kuta. Na mavuno yalikuwa mlimani, yakiiva.

Mambo mawili yalitokea. Wakulima wa mvinyo kutoka sehemu nyingine za Ujerumani, ambao sokoni ni washindani wa watu wa Ahr, walikuja na matrekta, pampu na mikono yao, wakasaidia kazi za mashamba na mavuno. Kisha wenyeji walizichukua chupa zilizookolewa matopeni, wakaamua wasizioshe. Wakaziuza zikiwa na tope lake kavu, kwa njia ya changizo, kwa jina la mvinyo wa gharika. Zilipatikana euro milioni 4.4 hivi za kusaidia bonde. Walionunua hawakununua kwa ajili ya ladha. Chupa iliyopakwa matope haijulikani kama ni nzuri. Wengi wao walikuwa watu waliowahi kuketi katika nyumba zile, wakala, wakalala, wakaamka kusikia mto. Mvinyo unaouzwa kwa pipa kwa dalali hauna mtu wa namna hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki kabla ya Uhuru, na nchi yetu kavu ikaipokea kuliko walivyotazamia. Sisi tuna jambo ambalo watu wa Ahr na Alsace hawana: twavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti na Septemba. Mgeni wa Ulaya huweza kuona mavuno kwao mara moja tu. Tuna kituo cha utafiti Makutupora, na zabibu nyekundu inayochukua jina la mahali hapo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, watumishi na wageni wameongezeka. Na tangu 2024 garimoshi la umeme latoka Dar es Salaam na kufika kwetu kwa saa zisizofika nne. Wakubwa waliosoma kwa makini habari ya reli ya 1886 watatuelewa.

Hatusemi kwamba nyumba hiyo italeta faida katika mwaka wa kwanza. Halmashauri yakadiria kwamba mwanzoni wageni watakuwa wa Jumamosi na Jumapili tu, na kwamba vyumba vitalala tupu siku nyingi za katikati ya wiki. Wala mauzo ya mezani hayataondoa haja ya wanunuzi wakubwa. Hata Mayschoss huuza madukani. Mambo yaliyobaki kuamuliwa ni haya: ni nani atakayekabidhiwa funguo za ghala siku za wageni, kama akina mama watakaopika watakuwa waajiriwa wa Chama Kikuu au kikundi chao wenyewe chenye mkataba, leseni ziombwe kwa jina gani, na kama mvinyo wa kila Chama cha Msingi uwekwe chupa yake yenye jina la kijiji, au wote uchanganywe. Juu ya hilo la mwisho ofisi ina maoni yake, nayo msomaji ameyaona katika habari ya mtu wa Cologne.

Makadirio ya gharama, pamoja na ramani ya nyumba yenye vyumba vinne na ukumbi wa viti arobaini, yamebandikwa katika mbao za matangazo za Vyama vya Msingi vyote. Mwanachama ambaye macho hayamsaidii tena asomewe na katibu wa chama chake kabla ya siku ya kura.